Neno kwa Vijana: Pipa tupu lina nini ndani?



Kwetu pipa la lita 200 lililoleta esansi au mazutu ya motopompi halitupwi. Hukatwa, likawa chombo cha kupikia mawese au bati la mlango. Juzi nilimkuta sudere mmoja kijana hapa mtaani, amewasha shalumo, pipa la esansi liko mbele yake, na watoto wamemzunguka. Nikamwita: "Mwanangu, ngoja kwanza!" Akajibu: "Pasta, iko mutupu. Niliiweka ku jua siku mbili."

Hapo ndipo penye hatari. Tangu tarehe 2 Julai 2010, gari la esansi lilipopinduka Sange, Kivu ya Kusini, na moto ukaua watu zaidi ya 200, sisi wote tunaogopa tanki lililojaa. Lile tupu tunalikalia! Lakini kinachowaka ni mvuke wa esansi uliochanganyika na hewa, na pipa tupu lina hewa tele. Kijiko kimoja cha mezani cha esansi kikigeuka mvuke mle ndani, kinatosha kulipasua kama bomu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini hata kifuniko kikiwa wazi juani. Pua nayo isikudanganye, huzoea harufu upesi. Mazutu je? Ikiwa baridi haiwaki upesi, lakini moto wa shalumo ukipasha bati, masalio yaliyojificha kwenye maungio yanageuka mvuke vilevile.

Nikamwambia: zima moto, fukuza watoto. Mimina masalio katika bidoni yenye kifuniko. Suuza kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, maji yenyewe yachemshwe mbali. Lakini kusuuza peke yake si ruhusa ya kuwasha shalumo. Simamisha pipa, lijaze maji mpaka karibu na juu, matundu yote yakiwa wazi, ndipo ukate kifuniko kwa burini na nyundo. Ukitaka kusude mahali palipotoboka, geuza pipa pawe juu, maji yafike chini kidogo tu ya hapo. Ukisude kwa umeme, usisimame penye maji. Tanki la piki ni vivyo hivyo, lakini kwanza litolewe kwenye piki.

Tulipokuwa tungali tunachota maji, mwenye pipa akafika. Akakasirika kwa kucheleweshwa, akasema atalipeleka kwa sudere mwingine ng'ambo, Alunguli. Kijana akakosa fedha ya siku ile. Jioni alikula kwetu. Mimi nilipanda pirogi iliyofuata, nikavuka nyuma ya lile pipa.