Urithi wa Wakili Haben

Wengi wetu tukisikia neno urithi tunafikiria shamba, ng'ombe na ndugu waliopelekana kortini. Leo nataka kuzungumza juu ya urithi wa namna nyingine, uliomfanya Bi. Haben Girma awe wakili wa haki za walemavu huko Marekani.

Bi. Haben ni kipofu na kiziwi. Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1988. Mama yake alikuwa mkimbizi aliyetoka Eritrea kwa miguu mpaka Sudan wakati wa vita vya ukombozi. Kaka yake mkubwa naye ni kipofu na kiziwi. Nyanya yao alipompeleka shule huko Eritrea, aliambiwa kwamba mtoto wa aina hiyo hasomi. Basi wakarudi nyumbani.

Haben alikua akisimuliwa habari hiyo. Yeye mwenyewe alijibiwa vingine, kwani alipofika miaka miwili Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda walemavu, mwaka 1990. Alisoma mpaka mwaka 2013 akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, wa kwanza aliye kipofu na kiziwi. Baadaye alikuwa miongoni mwa mawakili walioishtaki Scribd, maktaba ya intaneti ambayo vipofu walishindwa kuisoma. Mwaka 2015 jaji wa Vermont alikataa kuitupa kesi hiyo. Alisema sheria ile inaigusa hata biashara isiyo na mlango wa kuingilia.

Wako wanaomwita mwujiza. Mimi silipendi neno hilo. Kaka na dada ni wa tumbo moja. Mmoja alifungiwa mlango, mwingine akafunguliwa. Mwujiza uko wapi hapo?

Nasema hivi kwa sababu mjomba wangu alikuwa kiziwi. Hakupelekwa shule hata siku moja. Alichunga mbuzi mpaka uzeeni, na sisi watoto tulimwita Bubu, na wazazi wetu hawakutukataza. Siku hizi Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inataja wazi haki ya mlemavu ya kupata elimu na kutumia lugha ya ishara. Mjomba alikuwa amekwisha kufa. Nilikula naye sahani moja miaka mingi, lakini jina lake halisi nililisikia mara ya kwanza liliposomwa kaburini.