Msimfiche Aliye Mbali Msiba wa Mzazi Wake

Limezoeleka katika miji yetu jambo ambalo tumelinyamazia kwa muda mrefu, na kunyamaza kwetu kumelifanya lionekane kuwa ni hekima. Mzazi anapofariki, na mmoja wa watoto wake akiwa mbali, ndugu hukaa kikao kifupi hata kabla maiti haijaoshwa, wakakubaliana kwamba huyo asiambiwe kwanza. Sababu hutolewa nyingi: yuko peke yake, atapata mshituko, hana nauli, mwajiri wake hatampa ruhusa. Basi huambiwa kuwa mzee anaumwa kidogo, au amelala, au simu yake imeharibika.

Tutoe mfano mmoja tulioushuhudia hapa Tanga. Dada yetu mmoja alikuwa akifanya kazi za nyumbani Muscat kwa mkataba wa miaka miwili. Baba yake, aliyekuwa na maradhi ya kisukari, alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Tulimsalia baada ya swala ya Ijumaa, msikiti ukiwa umejaa hadi barazani. Kaka zake wakaamua kuwa binti asiambiwe mpaka mkataba wake umalizike. Kwa miezi saba akaendelea kutuma fedha za dawa za baba yake, na fedha zile zikaendelea kupokelewa. Alipompigia jirani kumsalimu, alijibiwa kuwa mzee hajambo. Alipouliza mbona hasikii sauti yake, aliambiwa kuwa koo limemkauka.

Hatuandiki haya ili kuwanyooshea kidole kaka zake peke yao. Sisi tuliosimama safu ya mbele siku ile tulijua, na baadhi yetu tulikuwa na namba yake ya simu.

Alipoambiwa hatimaye, hakupiga kelele. Aliuliza tarehe, kisha akahesabu miezi kwa vidole. Fedha hakuitaja, ingawa fedha nayo ni amana, na aliyeipokea kwa jina la dawa ya mtu aliyekwisha kuzikwa ajiandalie jibu lake. Kilichomliza ni kwamba kwa miezi saba, katika kila sijida, alikuwa akimwombea baba yake shifaa, ilhali baba yake alikuwa akihitaji maghfira. Sote tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kuwa mtoto mwema anayemwombea mzazi wake ni miongoni mwa mambo machache yanayoendelea kumfaa maiti baada ya amali zake kukatika. Basi tulipomficha binti yule, tulimdhulumu yeye, na tukamdhulumu pia marehemu aliyekuwa kaburini akiingojea dua yake.

Wapo wanaojitetea kwa kisa cha Ummu Sulaym (r.a.), ambaye mwanawe alifariki, naye akamlisha mumewe Abu Talha chakula cha usiku kabla ya kumweleza. Kisa ni sahihi, lakini wanakisoma nusu. Ummu Sulaym alichelewesha kwa saa chache. Alimweleza yeye mwenyewe kwa kinywa chake, akimpigia mfano wa kitu cha kuazimwa ambacho mwenyewe amekuja kukichukua. Na hata kwa kuchelewa huko kudogo Abu Talha alikasirika, akaenda kulalamika kwa Mtume (s.a.w.). Ni wapi katika kisa hiki panapopatikana miezi saba?

Tazameni pia habari ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Alifariki mbali na Madina, ng'ambo ya bahari, na Mtume (s.a.w.) akawatangazia Masahaba kifo chake siku ile ile, akawapanga safu na kumsalia. Kwa msingi huo madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani hii, yanajuzisha kumsalia maiti aliye mji mwingine. Wahanafi na Wamaliki wana rai tofauti. Aliyeko Muscat au Toronto anaweza kusimama na wenzake akamsalia mzazi wake, maadamu ameambiwa. Na kama mwajiri atamkatalia ruhusa ya kusafiri, basi akataliwe yeye mwenyewe akiwa anajua anachokiomba. Sisi tusimkatalie kwa niaba ya mwajiri.

Lipo kosa jingine, kinyume cha hili, nalo limeletwa na simu za kisasa. Maiti haijavikwa sanda, tayari picha ya marehemu imekwisha kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, na mtoto aliye mbali anaipata tanzia ya mama yake kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Zamani matangazo ya vifo yaliposomwa redioni, walau ilijulikana kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia aliye mbali. Leo njia ipo. Kabla ya kutangaza, ateuliwe mmoja, aliye karibu naye zaidi, ampigie. Asimwandikie. Kwanza amwulize yuko wapi na yuko na nani, kisha amwambie waziwazi kuwa mama amefariki, saa ngapi, na atazikwa wapi. Ikiwa Tanga ni saa mbili asubuhi na huko Toronto ni saa sita ya usiku wa baridi, apigiwe hivyo hivyo, kwani mazishi yetu hayangoji. Kwa aliye katika nyumba ya watu, anayeruhusiwa kushika simu kwa saa maalumu tu, atafutwe mwenzake aliye jirani naye, awe karibu wakati huo.

Hatuingii hapa katika mjadala wa hitima na arobaini. Mahala pake papo. Lakini deni haliwezi kuachwa, kwani deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Baba yule wa Tanga alikuwa amekopa fedha kwa mvuvi mmoja wa Pangani, na aliyeambiwa habari hiyo, kwa simu, wiki chache kabla ya kifo, ni binti yake wa Muscat peke yake. Mvuvi aliona haya kudai msibani. Deni lilikaa miezi saba, likalipwa wiki ile ile binti alipoambiwa.