Tuizuie Risasi Kabla Haijaingia Kwenye Kopo la Rangi

Kila ifikapo Novemba, nyumba za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, huko Marangu, Kibosho, Machame na Rombo mkoani Kilimanjaro huanza kupakwa rangi upya. Watoto wa nyumbani wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanarudi kula Krismasi, na hakuna mzee anayetaka wamkute na geti lililochujuka. Ni desturi njema, na maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Moshi huipata faida yake. Lakini rangi inayonunuliwa kwa wingi namna hii inatulazimu kuuliza: nani anayehakikisha kwamba haina madini ya risasi?

Mara nyingi risasi haiingii kwenye rangi kwa bahati mbaya. Kiwandani hutiwa kwa makusudi. Kromati ya risasi hutoa manjano, chungwa na nyekundu iliyokolea isiyofifia upesi juani, na misombo mingine ya risasi huharakisha kukauka. Ndiyo maana hatari hukaa zaidi kwenye rangi za mafuta, zile za mageti, milango, madirisha, madawati na bembea za chekechea, kuliko kwenye rangi ya maji ya ukutani.

Hatari huonekana vizuri siku ya kuandaa kazi. Fundi anakwangua geti la zamani kwa msasa mkavu. Vumbi linatua barazani, kwenye nguo zake na kwenye kamba ya kuanikia. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na mdogo wao anatambaa palepale kisha anatia vidole mdomoni. Mlango uliooza unapasuliwa kuwa kuni, na jivu lake linamwagwa kwenye migomba.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ikishaufikia ubongo unaokua hupunguza umakini na uwezo wa kujifunza, madhara ambayo huweza kudumu maisha yote. Mwaka 2020, UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Ubaya wa sumu hii ni kwamba mara nyingi haina dalili ya kumshtua mzazi. Mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati siku hiyohiyo. Anayeshindwa kushika masomo kwa sababu ya risasi huitwa mzembe.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Kwetu Tanzania, asasi ya mazingira ya AGENDA ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN imenunua rangi madukani na kuzipima, na baadhi ya rangi za mafuta zilikutwa na risasi nyingi kupita kiasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni, na viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki vimekifuata.

Wapo wanaosema kusimamia kiwango hicho kwa ukali kutapandisha bei na kuua viwanda vidogo. Hoja hii inastahili kusikilizwa, maana fundi anayepewa fedha ya jumla atachukua kopo la bei nafuu. Hata hivyo mbadala upo na unatumika: viwanda vingi duniani hutengeneza manjano na nyekundu bila risasi. Pia tumewahi kusikia hofu kama hii kuhusu petroli. Baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na magari hayakusimama.

Wengine wanasema tuwaelimishe wanunuzi wajichagulie. Elimu ni muhimu, lakini jicho la mnunuzi haliwezi kuiona risasi ndani ya kopo. Serikali ilipokataza mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, haikumwachia mama wa soko la Mbuyuni mjini Moshi jukumu la kupambanua mfuko upi mbaya. Ilizuia kuagiza, kutengeneza, kuuza na kutumia. Rangi inahitaji uamuzi wa namna hiyo. Kromati ya risasi izuiwe bandarini na mipakani isifike kwenye viwanda vya rangi za majumbani. Ni rahisi kukagua waagizaji wachache wa malighafi kuliko kukimbizana na kila duka kuanzia Moshi mjini hadi Tarakea.

Vyombo vya kufanya kazi hiyo tunavyo. Shirika la Viwango, TBS, lipime rangi zilizoko madukani mara kwa mara na kutangaza majina ya zilizofeli. Mkemia Mkuu wa Serikali anayo tayari Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003; aitumie. Halmashauri za Kilimanjaro nazo zisinunue rangi ya darasa, dawati au bembea bila cheti cha kipimo. Mnunuzi mkubwa akikataa, mtengenezaji atabadilika.

Sheria mpya haitaondoa rangi iliyokwisha kukauka kwenye mageti yetu. Hiyo ni kazi ya kila kaya Desemba hii: fundi alowanishe kabla ya kukwangua, atandike turubai, watoto wakae mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na mbao zenye rangi zisiingie jikoni. Sisi tutimize hayo, nayo serikali ifunge mlango wa malighafi, kwa sababu huo hauwezi kufungwa na mzazi yeyote peke yake.