Saanane si Kisiwa Kitupu

Yako malalamiko yaliyozoeleka katika jiji la Mwanza, ambayo mtu huyasikia kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala ziendazo Buhongwa na Kisesa, na hata vinywani mwa watu wenye elimu na nafasi, kwamba Kisiwa cha Saanane hakina kitu. Kwamba baba mwenye watoto wadogo akilipa kiingilio na boti, akawavusha wanawe siku ya Jumapili, atawarejesha jioni hali hawakuona tembo, wala twiga, wala faru, ila mawe, mijusi, na swala wachache waliojikunyata vivulini. Maneno haya yamekaririwa mpaka yamevaa joho la ukweli, na wapo wazazi wakazi wa miaka mingi, ambao kila wapitapo kando ya ziwa hukiona kisiwa hicho kwa macho yao, lakini hawajapata kukikanyaga. Mimi nashikilia rai iliyo kinyume: kwamba mtoto wa umri wa kati ya miaka minne na kumi, aliye bado na uwezo wa kustaajabia kitu kidogo, ana faida kubwa zaidi ya kuchuma Saanane kuliko mahali pengi panaposifiwa kwa ukubwa wa wanyama wake.

Lawama hiyo, kwa insafu, ina asili yake. Mwaka 1964, taifa likiwa changa, kisiwa hicho kilichobeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki hapo kwanza, kilifanywa bustani ya wanyama, nayo ilikuwa ya kwanza Tanzania. Madhumuni yake yalikuwa ya heri: kumfundisha mwananchi kuwathamini hayawani wa nchi yake, na kumpa mahali pa kupumzika baada ya kazi za juma. Wakaletwa kutoka bara nyati na pundamilia, pofu na nyumbu, nungunungu na digidigi, simba, na hata tembo na faru. Wengi walio leo na mvi katika mji huu walipelekwa huko wakiwa watoto, wakasimama mbele ya kizimba, wakatetemeka simba aliponguruma, na kumbukumbu ile imekaa mioyoni mwao bila ya kufifia. Lakini zama zimepita. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, pamoja na visiwa vidogo vya Chankende vilivyo jirani yake. Eneo lote, nchi kavu na maji, ni kilomita za mraba 2.18. Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo nayo imepakana na mji mkubwa, ina kilomita za mraba 117. Basi mwenye kwenda Saanane akitaraji makundi ya nyati anatafuta bustani ya utoto wake mahali ambapo bustani ile haipo tena, na ubaya wake ni kwamba anamrithisha mtoto wake masikitiko ya kitu ambacho mtoto huyo hakukijua kamwe.

Desturi ya kuwakusanya wanyama ili watazamwe ni kongwe, na aghalabu ilikuwa desturi ya wafalme. Mwanzoni mwa karne ya 15 mtawala wa Malindi alimpelekea mfalme wa Uchina hidaya ya twiga, na kiumbe huyo alivuka bahari kwa miezi mingi ili watu wa baraza ya mfalme wapate kustaajabu. London ilifungua bustani yake ya wanyama mwaka 1828, kwanza kwa wanazuoni tu, na baadaye kwa umma. Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili, ilipata ya kwake mwaka 1952. Sina nia ya kuzilaani zote. Zipo zilizookoa jamii za wanyama waliokuwa ukingoni mwa kutoweka, na daktari wa mifugo aliyehitimu aweza kusema mengi ya kuzitetea. Lakini mzazi hana budi kujiuliza mtoto mdogo anajifunza nini hasa mbele ya mnyama anayezunguka ndani ya wavu, hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi, hali watu wazima wanampigia miluzi na kumrushia maganda ya ndizi ili aamke.

Liko jambo la ajabu katika tarehe ya ziwa hili ambalo ningependa kila mtoto wa Mwanza asimuliwe akiwa ndani ya boti. Katika miaka ile ile ya sitini ambapo wanyama huru walikuwa wakikusanywa Saanane, bwana mmoja wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Bernhard Grzimek, yule ambaye mwanawe Michael alikufa katika ajali ya ndege huko Serengeti mwaka 1959, alikuwa akifanya kinyume chake. Baina ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17, waliozaliwa porini Afrika ya Magharibi, wakakamatwa, wakauzwa, wakaishi katika vizimba vya Ulaya, walirudishwa Afrika kwa meli na kuachwa huru katika Kisiwa cha Rubondo, magharibi ya Mwanza. Hapakuwa na mtu wa kuwafundisha tunda lipi huliwa na lipi huua, wala namna ya kutandaza matawi ili kupata malazi juu ya mti. Baadhi yao, kwa kuwa walikuwa wamemzoea binadamu na wakamchukia, walikuwa hatari kwa watu. Hata hivyo waliishi, wakazaa, na vizazi vyao vingali huko hadi leo, sokwe wa msituni wanaomkimbia mtu kama ilivyo hulka ya sokwe. Na Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Mtoto aliyesikia kisa hicho hataona tena kizimba kwa jicho lile lile, wala haitahitajika mzazi amhubirie.

Tuje sasa kwenye huo utupu unaosemwa. Boti huondoka upande wa Capri Point, na baada ya dakika chache tu mtoto yu juu ya mawe ambayo wanajiolojia huyahesabia umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, mawe ya jamii moja na Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni. Juu ya mawe hayo, hasa asubuhi kabla jua halijawa kali, hukaa pimbi wakiota joto. Mtu mzima humtazama pimbi akaona panya mnene asiye na mkia, akapita. Natamani amkalishe mtoto chini, amwambie kweli ambayo wataalamu wameithibitisha: kwamba mnyama huyu anayeweza kubebwa kwapani ni ndugu wa tembo, na ndugu wa nguva wa baharini, na kwamba katika hayawani wote walio hai leo hana jamaa wa karibu kuliko hao. Amwonyeshe yale meno mawili ya mbele ya juu, yanayoendelea kukua kama pembe za tembo. Amweleze kwamba nyayo zake zina unyevu na ulaini wa kumfanya ashike jabali lililosimama wima bila ya kuteleza. Amtafute pamoja naye yule mmoja aliyekaa peke yake mahali palipoinuka, ambaye ni mlinzi, na ambaye akiona kivuli cha tai angani hutoa ukelele mkali, na jamaa zake wote wakatoweka katika nyufa za mawe kwa mara moja. Aliyeapa kwamba kisiwani hakuna tembo alimpita jamaa yake tembo mlangoni, wala hakumwamkia.

Wa pili ni mjusi. Dume lake lina kichwa, shingo na mabega mekundu ya kung'aa, na kiwiliwili cha buluu iliyokolea, hata wageni humfananisha na Spiderman wa filamu, na mtoto yeyote wa leo akimwona atamtaja kwa jina hilo kabla ya kufundishwa. Akikasirika au akijigamba mbele ya mwenzake hupiga kichwa juu na chini kama askari anayefanya mazoezi ya mikono; akiogopa, rangi zake hufifia. Jike ni la rangi ya udongo na halionekani kwa urahisi, na kulitafuta ni mchezo unaoweza kuwashughulisha watoto watatu kwa saa nzima bila ya gharama yoyote. Tena mjusi huyu amebeba jina la mji wetu: mtaalamu Arthur Loveridge alipomwandika mwaka 1923 alimwita *mwanzae*, na kwa jina hilo anajulikana katika vitabu vya elimu ya viumbe duniani kote. Twajivunia sangara na sato, na mawe yetu, lakini ni wangapi kati yetu wamepata kumwambia mtoto kwamba upo mjusi ukutani mwa nyumba yao aliyeitwa kwa jina la Mwanza?

Wapo wengine ambao nitawapita upesi: kenge, ambaye hufukua mayai ya mamba akayala, fisi maji, anayeonekana kwa nadra na mwenye kumwona ana bahati, kobe, tumbili na swala pala, mnandi aliyetandaza mbawa zake juani zikauke, na mdiria asimamaye hewani papo kwa papo kabla ya kujitosa majini kama mkuki. Mtoto akirudi amewajua watano kati ya hao kwa majina na mienendo, amerudi na elimu kuliko aliyepitishwa mbele ya vizimba hamsini kwa mwendo wa haraka.

Sharti lake, nalo ndilo zito, ni kwamba awepo mtu mzima aliye tayari kutulia. Siku ya matembezi ya familia katika mji wetu imekuwa, kwa wengi, siku ya watu wazima ambayo watoto wamesindikizwa: spika inawekwa juu ya jiwe, muziki unafunguliwa kwa sauti inayomfukuza kila kiumbe mwenye masikio, simu zinatolewa, watoto wanapangwa mstari wapigwe picha, kisha wanaambiwa wakacheze wasisumbue. (Nimeshuhudia mtoto akimvuta baba yake shati amwonyeshe kenge, na baba akamjibu asubiri amalize kutuma picha; kenge hakusubiri.) Katika hali hiyo hata Serengeti ingekuwa tupu. Wako pia wanaowarushia tumbili ndizi na biskuti, kwa kudhani ni huruma, ilhali tumbili aliyezoea kulishwa hugeuka mnyang'anyi, akaanza kupokonya vyakula mikononi mwa watoto, akamwuma mmoja, na mwishowe yeye ndiye anayeadhibiwa kwa kosa tulilomfundisha sisi.

Hadhari nyingine ni za kawaida, lakini nazitaja kwa sababu mzazi mwenye kuvusha watoto majini hana ruhusa ya kughafilika. Jaketi okozi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka minne, kwa kuwa litapanda juu naye atashuka chini. Mzazi aulize la kipimo cha mtoto kabla boti haijang'oa nanga, na lisipokuwapo angoje boti nyingine bila ya kuona haya. Mji uliozika watu wake baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 haupaswi kukumbushwa hili. Wala watoto wasiachwe kuchezea maji ya ukingoni, hata yakiwa matulivu na ya kuvutia, kwa sababu ya mamba, na zaidi kwa sababu ya kichocho, maradhi ambayo vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi bila ya mtu kuhisi. Chakula kibebwe katika kapu au vyombo vya nyumbani, chapati na mihogo na maji ya kutosha, na mabaki yote yarudi na wenyewe. Viatu viwe vya kufunga, maana mawe hupata moto adhuhuri.

Itasemwa kwamba fedha hakuna. Neno hili silipuuzi, kwa kuwa familia ya watoto watano si sawa na ya mtoto mmoja, na boti haitoi sadaka. Lakini kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, watoto walio chini ya miaka mitano hawatozwi, na wengi wa wanaotoa udhuru huo hutumia zaidi ya hapo kwa soda na nyama choma siku moja ya mwisho wa mwezi. Kwa wale ambao hawana kweli, shule ndiyo njia: walimu wa madarasa ya chini wa Nyamagana na Ilemela waipange safari hiyo kama sehemu ya masomo, kila mwaka, na wenye biashara zao mjini wachangie boti kama wanavyochangia jezi za mpira.

Nawaomba basi wazazi wa Mwanza jambo moja dogo. Jumapili ijayo, au ile itakayofuata, vukeni asubuhi na mapema, wanyama wakiwa bado nje. Acheni spika nyumbani. Na kabla ya mtoto kuuliza tembo yuko wapi, mwonyesheni pimbi.