Kabla ya Kuizima, Tazameni Saa
Ni ada ya mafundi wetu wengi, pindi huduma iendayo chinichini katika seva inapokwama, kuizima na kuiwasha upya kabla hawajasoma hata mstari mmoja wa kumbukumbu zake. Nami naiona ada hiyo kuwa ni uvivu uliovishwa joho la ustadi. Chukua mfumo wa Ceph, alioubuni Sage Weil huko Marekani, ambao hutawanya data katika diski nyingi na kwa kawaida huweka nakala 3: huduma zake ziitwazo waangalizi hazina budi kuafikiana kuhusu saa, na tofauti ikizidi sekunde 0.05 hulalamika. Sasa, mashine pepe inayoendesha mwangalizi, ikisimamishwa kwa muda, huweza kuamka na saa iliyochelewa (mfano wa aliyelala adhuhuri akaamka magharibi, akadai chakula cha mchana), kisha huduma isiyo na hatia ikashutumiwa. Na kuzima ovyo kuna gharama yake: huduma ya diski isiyojibu kwa sekunde 20 hivi hutangazwa kuwa imeanguka. Zikipita dakika 10, mfumo huanza kuihamisha shehena yake kwingine, na mtandao ukalemewa. Mafundi, tafadhalini: itazameni saa kwanza, kisha someni kumbukumbu, na mkono uifikie swichi mwisho.