Meza ya Bwana na akina mama wanaobaki wamekaa

Wadau, leo tuongee kuhusu Meza ya Bwana. Ukisali Jumapili huku kwetu, iwe Njombe mjini, kata ya Ramadhani (ndiyo jina lake, katika mji uliojaa Wakristo!) au kule Makambako, muda wa kukomunika utaona wengine wanapanga mstari na wengine wanabaki wamekaa. Waangalie wanaobaki. Mara nyingi mimi naona akina mama.

Taratibu zenyewe zinaeleweka. Kwa Wakatoliki Ekaristi ni ishara ya umoja wa imani, hivyo anayepokea awe Mkatoliki asiye na dhambi ya mauti. Mlutheri anaweza kupewa kwa nadra sana, mfano akiwa katika hatari ya kufa, kwa kanuni ya 844 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. KKKT nao wana kipaimara, na aliyetengwa lazima kwanza arudi kundini. Waorthodoksi wanampa hata mtoto mchanga aliyebatizwa. Kila nyumba na utaratibu wake, hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye ndoa. Binti kachukuliwa na kijana, mahari imetolewa nusu, watoto wamezaliwa. Mama anataka ndoa ifungwe kanisani. Baba anasema tusubiri tuvune viazi, tusubiri tuuze mbao, hela ya sherehe haijatosha. Miaka kumi inapita. Baba mwenyewe kanisani haonekani hata Krismasi, kwa hiyo kunyimwa komunyo hakumgusi popote. Anayeumia ni yule anayefagia kanisa na kuhudhuria jumuiya kila wiki. Na kwa Walutheri ni hivyo hivyo: binti akipata mimba anatengwa kwa sababu tumbo linaonekana. La kijana je?

Watu wanapenda kunukuu 1 Wakorintho 11, ile habari ya kula bila kustahili. Sawa, lakini rudini nyuma aya chache tu. Paulo alikuwa anawagombeza wenye nacho, waliokula na kulewa huku maskini wakibaki na njaa na aibu pale pale mezani. Hiyo sehemu sijui kwa nini haihubiriwi sana.

Najua mtasema nataka makanisa yabariki uchumba sugu. Hapana jamani. Hata hayati Papa Fransisko hakufuta mafundisho ya ndoa alipoandika Amoris Laetitia mwaka 2016; alichotaka ni wachungaji wapime hali ya kila mtu, maana hatia hazilingani. Na ndoa ya Kikatoliki inahitaji nini hasa? Ridhaa ya wawili, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Ukumbi, keki, suti na kamati ya michango tumejiongezea wenyewe! Ndiyo maana nazipenda zile ndoa za pamoja, wenzi kadhaa katika misa moja, halafu kila mtu anakwenda kula ugali kwake.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mama huyu kwa mara ya ishirini kwamba aweke mambo yake sawa, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya amfuate baba. Wanamjua. Wengine wanakutana naye kwenye ulanzi kila Jumamosi.