Lubumbashi: Mafundi waache kuformata kila ordinateri inayochelewa

LUBUMBASHI. Katika komini ya Katuba, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alipeleka ordinateri yake kwa fundi siku ya Jumamosi, wiki tatu mbele ya kutetea memwari yake. Mashine ilikuwa nzito sana. Kufungua Word tu, unaweza kwenda kununua mkate na kurudi. Haikuwa na moto, feni haikupiga kelele, lakini kila kitu kilikwenda polepole.

Fundi aliiangalia dakika mbili. Aliona prosesa iko kwenye asilimia 100, akasema: "Yaya, hii prosesa imechoka. Dawa yake ni kuformata." Yule dada akauliza kama kazi yake itabaki. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, vitu vyote vitawekwa kwenye flashi kwanza. Jioni alilipa dola 10, akaonyeshwa mashine inayokimbia vizuri, akarudi nyumbani na furaha.

Nyumbani alikuta mambo mawili. Jambo la kwanza: fundi alikopi folda ya "Documents" peke yake, na memwari ilikuwa kwenye "Bureau", pale watu wengi wanapoweka kazi zao. Jambo la pili: alipochomeka chaja yake, mashine ikawa nzito kama zamani, prosesa tena asilimia 100. Binamu yake anayefanya kazi kwenye sekretaria ya pembeni ya barabara ndiye aliyeona sababu. Alifungua ukurasa wa "Performances", akaona mwendo wa prosesa ni 0,78 GHz, na chini yake imeandikwa kwamba mwendo wa kawaida wa mashine hiyo ni 2,4. Akachomoa chaja. Papo hapo mashine ikaanza kukimbia.

Chaja ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa nguvu usiku mmoja, na hii mpya ilinunuliwa sokoni kwa bei ndogo. Baadhi ya mashine, zile za Dell kwa mfano, huuliza chaja inajitambulisha kama ya nani. Chaja isipojibu, mashine hupunguza mwendo wa prosesa ili isivute umeme mwingi. Ndiyo maana kazi ndogo tu ilijaza prosesa mpaka asilimia 100. Kwenye duka la fundi, mashine ilipojaribiwa baada ya kuformatwa, ilikuwa kwenye chaja ya duka. Kwa hiyo ilionekana imepona. Kazi ya miezi minane ilifutwa juu ya chaja.

Fundi huyu si mwizi, na hayuko peke yake. Kutoka Katuba mpaka Kampemba, kutoka Kenya mpaka Ruashi, desturi ni ileile: mashine inachelewa, fundi anatoa flashi yenye Windows mfukoni, anaformata. Wakaaji wameizoea desturi hii mpaka wengine wanafika dukani wakisema wao wenyewe, "Papa fundi, niformatie." Desturi hii inafaa kupingwa waziwazi, maana inaharibu kazi za watu na mara nyingi haiponyeshi kitu.

Prosesa iliyo kwenye asilimia 100 ni kama mtoto mwenye homa. Homa inasema kuna kitu, haisemi ni kitu gani. Muuguzi anayempeleka kila mtoto mwenye homa kwenye meza ya upasuaji, bila kumpima malaria, angefukuzwa na wamama siku hiyohiyo. Kwa ordinateri tunavumilia, na tunalipa.

Kupima hakuombi diploma. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja. "Gestionnaire des tâches" inafunguka. Bonyeza juu ya neno "Processeur", na programu zitajipanga, zile zinazokula zaidi zikiwa juu. Hapo jina la mwenye kosa linaonekana mara nyingi bila kufuta hata faili moja. Jambo moja la kuangalia: kwenye ukurasa wa "Détails" kuna mstari unaoitwa "Processus inactif du système", na mara nyingine unaonyesha 95 au 97. Kuna wateja waliotishwa kwa namba hiyo. Maana yake ni kwamba prosesa inapumzika kwa kiasi hicho. Fundi anayeonyesha mstari huo kuwa ndio ugonjwa, afadhali mteja achukue mashine yake aende.

Mwenye kosa huwa nani? Huku kwetu, mara nyingi ni mise à jour ya Windows. Mashine inakaa wiki nyingi bila intaneti. Siku mwenyewe amenunua megabaiti, anawasha Wi-Fi ya simu, na Windows inataka kuteremsha yote yaliyopita kwa mara moja. Prosesa inapanda, megabaiti zinaisha, mtu anakasirika, anazima. Kazi haikumalizika, basi siku nyingine inaanza tena. Anadhani mashine imekufa, na yenyewe imekatizwa tu mara kumi. Dawa ni kuchagua: ama kuiacha usiku mmoja wenye umeme na intaneti imalize, ama kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na kuweka "Connexion limitée" ili isiteremshe mambo makubwa kupitia simu. Hakuna mahali popote hapo panapoombwa kuformata. Na yule atakayeformata ataweka Windows ya zamani iliyo kwenye flashi yake, yenye kukosa mise à jour nyingi zaidi, na safari itaanza tena kutoka mwanzo.

Mara nyingine ni antivirusi mbili zilizowekwa na mafundi wawili tofauti, kila moja ikichunguza faili ambazo nyingine inachunguza. Mara nyingine ni programu kumi na tano zinazojiwasha pamoja na mashine, na kuzizima kwenye ukurasa wa "Démarrage" ni kazi ya dakika tano. Na kuna vumbi. Katika kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Linaziba njia ya hewa, prosesa inapata moto, na ikikaribia digrii 100 inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mashine ya namna hii inahitaji kufunguliwa, kupanguswa na kuwekewa pasta mpya juu ya prosesa. Ukiiformata, unapata Windows mpya ndani ya vumbi la zamani. Na yule anayefanya kazi akiwa ameweka laptop juu ya kitanda au mto, asishangae, matundu ya hewa yako chini.

Sasa lile linalokasirisha zaidi. Windows nyingi zinazowekwa na mafundi mjini hazina laisensi. Ili zisiombe kulipiwa, fundi anaongeza kiprogramu cha kuvunja kufuli, na ili kiprogramu hicho kifanye kazi anazima antivirusi kwanza. Vingi vya viprogramu hivyo vinavyozungushwa kwenye intaneti na kwenye flashi vimebeba wageni ndani. Mgeni mmoja anafahamika sana: mchimbaji wa siri wa pesa za kidijitali. Bitcoin haichimbwi tena kwa faida na ordinateri ya nyumbani, lakini kuna pesa nyingine inayoitwa Monero, ambayo tangu mwezi wa kumi na moja 2019 inatumia hesabu zilizotengenezwa makusudi ili prosesa za kawaida ziweze kuzifanya. Programu ya XMRig, ambayo yenyewe ni ya wazi na mtu anaweza kuitumia kihalali kwenye mashine yake, huchukuliwa na wezi na kufichwa ndani ya mashine za watu wengine.

Katanga haihitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Hapa kila familia inamjua mtu anayeitwa creuseur, na kila mtu anajua kwamba anayechimba siye anayeondoka na utajiri. Sasa ordinateri ya mama mwalimu, iliyowekwa mezani kwa ajili ya kuandika pointi za wanafunzi, inachimba usiku na mchana kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Umeme ni wa mama. Umeme ukikatika, petroli ya jenereta ni ya mama. Feni inayoungua ni yake. Na mlango ulifunguliwa na fundi aliyemlipa ili amponyeshee mashine.

Wachimbaji hawa wana ujanja. Baadhi yao wanasimama mara tu "Gestionnaire des tâches" inapofunguliwa, wanaanza tena ikifungwa. Ukisikia feni inalia kwa nguvu wakati hufanyi kitu, kisha inanyamaza sekunde chache baada ya kufungua ukurasa huo, una sababu ya kushuku. Washa antivirusi ya Windows na uombe "Analyse hors ligne", ile inayochunguza mashine kabla Windows haijaamka. Hapa ndipo kuformata kunaweza kuwa dawa ya kweli, kwa masharti kwamba faili zimeokolewa na kwamba mwizi yuleyule harudishwi na flashi ileile.

Mafundi wana majibu yao, na si ya bure. Wanasema mteja hataki kulipia kuangaliwa. Ukimwambia umetumia saa nzima kutafuta, ukakuta ni programu moja ya kuzima, anakwambia, "Basi hujafanya kitu, nikulipe nini?" Ukiformata, anaona rangi mpya, anaona mashine tupu inayokimbia, anatoa pesa. Hilo ni kweli, na kosa hilo ni la wateja. Anayekubali kulipa dola 10 kwa kufutiwa kila kitu na kukataa kulipa dola 5 kwa kuambiwa ukweli, anajitengenezea mafundi wabaya mwenyewe.

Wanasema pia kwamba mashine nyingi ni za okazyo, zimetumika miaka mingi Ulaya mbele ya kufika hapa, na hazina nguvu. Nalo ni kweli. Mashine yenye prosesa ndogo na RAM ya GB 4 haitakuwa farasi hata ukiiombea. Lakini hoja hiyo inawageukia. Tangu Windows 10 ilipoachwa na Microsoft tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kuna wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani ambazo Microsoft wenyewe hawazikubali, kisha mteja anarudi baada ya mwezi akilia kwamba prosesa inajaa. Mashine dhaifu inahitaji mtu wa kuiambia ukweli wake: ongeza RAM, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, au kubali kwamba itaandika barua na kusoma PDF, basi.

Kitu kisicho na jibu ni faili za watu. Katika mji huu, ordinateri moja mara nyingi inabeba kazi za nyumba nzima: hesabu za duka la mama, picha za matanga ya babu, barua za kuomba kazi, memwari. Wachache wana nakala mahali pengine, maana intaneti ni ghali. Fundi anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Akiformata bila kumuuliza mteja faili zake ziko wapi, bila kumfungulia flashi aone kwa macho yake kwamba zimefika, hawezi kusema ni bahati mbaya. Na baada ya Windows mpya kuandikwa juu ya ile ya zamani, programu za kufufua faili kama PhotoRec huokota vipande tu, na kwenye SSD mara nyingi hata vipande havipatikani.

Basi mteja aseme mlangoni, mbele ya kuacha mashine: niambie kwanza ni programu gani inakula prosesa, nionyeshe. Jaribu na chaja nyingine, na chaja yangu pia. Usiformate bila kunipigia simu. Ukiformata, kopi folda yote yenye jina langu ndani ya "Utilisateurs", pamoja na "Bureau" na "Téléchargements", na nitafungua faili tatu mbele yako. Bei ya kuangalia tuipatane sasa hivi. Fundi anayekataa maneno hayo, duka la pili liko hatua hamsini mbele.

Yule dada wa Katuba ameomba tarehe nyingine ya kutetea. Alikuwa amempa mwalimu wake sura mbili za kwanza kwenye karatasi, na hizo anaziandika upya. Sura ya tatu, yenye majibu ya watu aliowauliza maswali sokoni, haikuchapwa hata mara moja. Fundi amerudisha dola 10.